Kuihasibu Nafsi: Kwa Usingizi au kwa Kalamu?

Katika darasa letu hapa Kisumu pameulizwa: je, kutiwa usingizi na tabibu ili mtu azijue huzuni zake ni sihiri? La. James Braid, tabibu wa Uskoti, alibainisha mwaka 1843 kuwa ni fikira kukazwa juu ya jambo moja. Lakini kuihasibu nafsi hakukubali wakala. Mtume (S.A.W.) alipiga mistari kutuonyesha hali yetu: mraba ndio ajali imzungukayo mtu, na mstari upitao nje ndio matarajio yake. Basi, ndugu yangu, keti ufuoni mwa Ziwa, uichore hasira yako kwa mistari, pasi na sura ya kiumbe. Hasira uliyoiona mwenyewe ni nyepesi kuitawala kuliko uliyosimuliwa na mwingine. Wallahu aalam.