Mikono Isiyojua Inachobeba

Miaka ya 1950, katika hospitali za Australia na baadaye Marekani, watoto wachanga waliozaliwa wazima walianza kutoka majipu na kuugua nimonia, wengine walikufa. Bakteria waliohusika, aina ya stafilokoka wasiosikia penisilini, mara nyingi walikaa puani na mikononi mwa wauguzi wenye afya njema. Wauguzi hao waliwapitisha kitanda hadi kitanda bila kujua, katika kulisha na kubadilisha nepi.

Je, walikuwa na hatia? Sisi tumezoea kupima kosa kwa nia. Tukisema "sikukusudia," tunaona shauri limekwisha. Lakini Mambo ya Walawi sura ya 4 inaagiza sadaka hata kwa aliyekosa pasipo kujua. Hahesabiwi sawa na aliyekusudia, ila hawezi kusema hakuna lililotendeka. Akijulishwa, hana budi kugeuka.

Swali hili lilitukuta mlangoni pa wodi. Usiku mmoja tuliitwa, mchungaji na mzee wa kanisa, kumbatiza mtoto njiti aliyezidiwa. Muuguzi kijana akatuzuia. "Shikamooni, baba zangu. Naomba mnawe kwanza, mpaka kwenye viwiko." Tuliona tumedharauliwa. Sakramenti isubiri sabuni? Ndipo tukakumbuka mikono yote tuliyoishika mchana ule mazikoni. Tukanawa.

Martin Luther angekuwa upande wa muuguzi yule. Mwaka 1527, wakati wa tauni, aliandika kwamba anayedharau dawa na tahadhari anamjaribu Mungu, na akimwambukiza jirani yake atawajibika kwa kifo chake.

Kwa hiyo mtoto anapokufa kwa maambukizi ya wodini, tusikimbilie kumwambia mama yake kuwa ni mapenzi ya Mungu. Huenda bomba halikuwa na maji, au muuguzi mmoja alihudumia watoto wengi kupita kiasi. Hayo ni mambo yetu wanadamu, na yanarekebishika. Wala tusimtupie mawe muuguzi. Neema ya Kristo humwezesha mtu kusikia ukweli kuhusu mikono yake bila kuangamia, kisha akarudi kazini akiwa mwangalifu zaidi.

Jumapili tunapoungama, tuyalete mbele za Mungu na makosa tusiyoyajua. Na tukienda kumwona mzazi, tunawe mikono kabla ya kumpokea mtoto.