Pengo la Kinanda

Enyi wakatekumeni, piano kamili ina vibao 88. Vile vyeupe, 52, zamani vilifunikwa kwa pembe ya ndovu. Katika karne ya 19 pembe nyingi zilitoka Kongo ya mashariki, zikachukuliwa mabegani mwa watu hata pwani, na baadhi ya wachukuzi hao walikuwa watumwa. Ndipo vidole vya Ulaya vikapata mahali laini pa kucheza!

Mwaka 1989 mataifa yalikubaliana kukataza biashara hiyo. Basi ganda la kibao likibanduka, pengo lijazweje? Mtu wa Beni akipokea pembe ya ndovu aliyeuawa Virunga, akasema ni kwa ajili ya kanisa, amevunja amri ya saba: mali ya wizi haiwi sadaka. Fundi mwaminifu hukata mfupa wa ng'ombe, akaubandika kwa gundi, akausugua polepole mpaka kidole kisijue ulipoanzia.