Boksi Litamwangukia Nani?

Rafiki yangu hapa Voi anataka kurusha puto. Si la birthday. Ni lile kubwa la mpira linalojazwa heliamu, chini yake parachuti na boksi lenye kamera na simu ya kutuma lokesheni. Wanafunzi wawili wa MIT walifanya hivyo mwaka 2009 kwa takriban dola 150, wakapiga picha kutoka kilomita 28 hivi. Puto huzidi kufura kadiri hewa inavyopungua, mpaka lipasuke. Kutoka juu hivyo, siku isiyo na mawingu, Kilimanjaro na bahari vyote vinaonekana. Manze, nani hataki kuona hiyo?

Swali langu ni la kushuka. Upepo wa juu haufuati wa chini. Boksi linaweza kutua kwenye mkonge wa Mwatate, juu ya bati la mtu Ndii, au ndani ya Tsavo, ambayo ni zaidi ya nusu ya kaunti yetu. Likiingia Tsavo tutaandika barua, tuombe askari watusindikize. Mbuzi wa mtu akipotelea humo, mwenyewe anajua asimfuate. Kamera yetu ina heshima kuliko mbuzi?

Mwaka 1783 puto la Jacques Charles lilitoka Paris bila mtu ndani, likaangukia kijiji cha Gonesse. Wanakijiji walilirarua kwa uma za shambani. Mpaka leo wanachekwa. Mimi nawaelewa. Kitu kimetoka mjini kikatua kwao, na hakuna aliyewauliza. Hata maputo ya Loon, yaliyoleta intaneti ya Telkom huku Kenya mwaka 2020, ruhusa ilitoka Nairobi. Sisi pia tutaomba ya mamlaka ya ndege, lakini hiyo haimuulizi mama anayepalilia.

Rafiki yangu anasema ataandika "Si hatari" na namba ya simu. Nikamuuliza, wewe ukikuta boksi linalowaka taa shambani kwako, limeandikwa si hatari, utaligusa?

Akacheka. "Lakini huwezi kuuliza kaunti nzima."

Kweli, siwezi. Ila kutoweza kuuliza wote kusigeuke sababu ya kutouliza hata mmoja. Jumamosi, kabla hajanunua gesi, tunapanda matatu hadi Mwatate. Tutaanza na yeyote tutakayemkuta shambani, na akikataa, sijui tutafanyaje.