Jembe la Mgeni wa Mjini

Wahenga wetu walituachia usemi usemao: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mwalimu Julius Nyerere aliutumia mwaka 1962 alipoeleza misingi ya ujamaa, akionyesha kuwa katika jamii yetu ya asili kazi ilikuwa wajibu wa kila mtu. Tumezoea kuutaja usemi huu ili kuwakemea wavivu. Lakini tukiusikiliza vyema, twaona kuwa hausemi na mgeni. Wasema na mwenyeji. Yeye ndiye aamriwaye kutoa jembe. Basi yafaa tujiulize: mji usio na majembe ya kuwapa wageni wake una haki gani ya kuwaita wavivu?

Tuutazame mji wa Dar es Salaam. Sensa ya mwaka 1978 ilihesabu watu 843,090 katika mkoa huo. Ile ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728. Viwanda na ofisi havikuongezeka kwa kasi hiyo. Tena, katika miaka ya 1990, mashirika ya umma yalipouzwa au kufungwa, wengi waliokuwa na ajira waliipoteza. Hata hivyo vijana hawakuacha kuja.

Zamani utawala wa Mwingereza uliwakamata wasio na ajira mjini, ukawaita wahuni na kuwarudisha makwao. Baada ya Uhuru fikira hiyo haikufa. Mwaka 1983, kwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvukazi, walioonekana kuwa hawana kazi maalumu walikusanywa na kupelekwa mashambani. Nia ya kwamba kila mwenye nguvu azalishe mali hatuwezi kuibeza, kwani nchi ilikuwa katika dhiki kubwa. Lakini wengi walirudi mjini. Hilo lilikuwa funzo: mtu halikimbii jembe linalomlisha.

Kosa jingine limo katika lugha tunayoitumia. Jina la Kariakoo latokana na kikosi cha wapagazi Waafrika waliowabebea Waingereza mizigo katika Vita Kuu ya Kwanza. Hata leo, katika mitaa hiyohiyo, kijana husukuma mkokoteni tangu alfajiri hadi jua kuchwa. Akiulizwa afanya kazi gani, hujibu, “Sina kazi, nabangaiza tu.” Kazi anayo; asichokuwa nacho ni ajira. Kazi ni kutumia nguvu na akili kwa manufaa. Ajira ni mapatano ya kulipwa ujira. Tukiyachanganya mambo haya mawili, twamnyima mtu heshima ya jasho lake, naye mwisho hujinyima mwenyewe.

Hata hivyo tujihadhari tusije tukaigeuza heshima hiyo kuwa kisingizio. Kumsifu msukuma mkokoteni kwa bidii yake, kisha kumwacha bila ufundi, bila mkopo, bila mahali halali pa kufanyia shughuli zake wala akiba ya siku ya ugonjwa, ni kumpa sifa badala ya jembe. Sifa hailimi.

Sisi tulio shuleni, walimu na wanafunzi, tuna sehemu yetu katika jambo hili. Kila tunapomtisha mtoto kwamba asiposoma atakuwa mbeba mizigo, twamfundisha kuidharau kazi ya mwenzake, na pengine ya baba yake. Kisha anapomaliza masomo na kukosa kiti ofisini, dharau ileile humrudia yeye. Elimu na impe mikono yenye ujuzi pamoja na moyo wa kuuheshimu ujuzi huo.

Mgeni naye ana wajibu: akipewa jembe, alime. Kweli, mchagua jembe si mkulima. Lakini kabla ya kumhukumu mchaguzi, sisi wenyeji hatuna budi kuhakikisha kwamba majembe yapo.