Riziki ya Mwandishi wa Mahakama

Katika aya ya deni, iliyomo katika Suratul Baqara na ambayo hakuna aya ya Kurani iliyo ndefu kuipita, Mwenyezi Mungu hakukomea kuamrisha kwamba mapatano yaandikwe na mwandishi ayaandike kwa uadilifu, bali alikataza pia mwandishi na shahidi kutiwa madhara; na miongoni mwa wafasiri wako walioyafahamu madhara hayo kuwa ni kumlazimisha mtu aache shughuli zake ili aje kuandika. Mimi nauliza: kumkatia riziki yake kwa kuwa hazina imepungukiwa, je, hilo si dhara?

Swali hili limenikaa moyoni tangu nilipoyafuatia mambo ya California, Marekani, ambako baada ya msukosuko wa uchumi wa mwaka 2008 fedha za mahakama zilipunguzwa mwaka baada ya mwaka, hata mwaka 2012 mahakama ya Los Angeles ikatangaza kuwapunguza watumishi karibu 350 na kufunga vyumba 56 vya kusikilizia kesi, na waandishi wa hati mkato wakaondolewa katika mashauri ya kawaida ya madai.

Asiyepata kumwona mwandishi huyo kazini yumkini atadhani kazi yake ni ya vidole tu. Mashine yake ina vibonye 22, naye hubonyeza kadhaa kwa pamoja, mithili ya mpiga kinanda, silabi nzima au neno zima likashuka kwa pigo moja. Na leseni ya California haipati mpaka amedhihirisha kwamba aweza kuandika maneno 200 kwa dakika. Mawakili wawili wakisema kwa pamoja, ndiye huinua mkono akawasimamisha, wawe na jina wasiwe nalo. Shahidi akitikisa kichwa, huambiwa ajibu kwa ulimi, maana mtikiso hauandikiki. Baada ya saa za mahakama ndipo huisafisha nakala kwa ajili ya rufaa, kwa malipo ya ukurasa ambayo kiwango chake kisheria kilikaa takriban miaka 30 bila kupandishwa. (Huku kwetu Afrika Mashariki hakimu mwenyewe ndiye aliyeandika mwenendo kwa mkono kwa miaka mingi, shahidi akingoja kalamu ifike, na mwenye kuinamia karatasi hauoni uso wa anayesema.)

Sisemi kwamba hazina haina kikomo. Lakini waandishi walioachishwa walikwenda kuajiriwa na wadai wenyewe, kwa siku, na hapo dhara lao likavuka likamwangukia mwingine, kwani mwenye mali alikuja mahakamani na mwandishi wake, ilhali fukara alisimama mbele ya hakimu na maneno yake yakapotea hewani. Huko San Diego mfungwa mmoja, aliyekwisha kusamehewa ada kwa ufukara wake, alimshitaki tabibu kwa uzembe. Shauri likatupwa bila mwandishi kuwapo, na alipokata rufaa akaambiwa hakuna kumbukumbu ya kutazamwa. Mwaka 2018 ndipo Mahakama ya Juu ya California ilipotamka kwamba fukara wa namna hiyo akiomba mwandishi lazima apewe bure.

Ndiyo maana nashikilia kwamba ujira wa mwandishi haufai kuhesabiwa pamoja na gharama za samani na taa, kwa kuwa yeye si wa mdai wala si wa mdaiwa, na mizani iliyokosa mtu wa katikati haikosi kumwelemea aliye dhaifu. Amali yenyewe pia haingoji: vijana walioona wakubwa wao wakifukuzwa hawakuwa na sababu ya kukesha miaka kadhaa juu ya vibonye hivyo, nao wazee wakastaafu. Mwaka 2022 mahakama ile ile ya Los Angeles, ikiwatafuta sasa waandishi na isiwapate wa kutosha, iliacha kuwatoa hata katika mashauri ya ndoa na mirathi. Na mwanamke aliyekuja kugombea malezi ya watoto wake alisema yote aliyokuwa nayo, akajibiwa, akatoka, na kiti cha mwandishi kilikuwa kitupu.