Kumlazimisha Mgonjwa Dawa

Ama baada. Twaona majumbani mwetu mgonjwa akataaye dawa hukamatwa mikono na wanawe, akabanwa pua, akanyweshwa kwa nguvu. Nao wadhani wamtendea wema. Basi na watazame yaliyomfika Mtume wetu, sala na amani ziwe juu yake, katika maradhi yake ya mwisho, mwaka wa 11 wa Hijra. Jamaa zake walimtia dawa upande wa kinywa, naye awaashiria wasimtie. Wakadhani ni chuki tu ya mgonjwa kwa dawa. Alipopata nafuu aliwakemea, akaamrisha nao watiwe vinywani vivyo hivyo, ila Al-Abbas, ambaye hakuwa pamoja nao. Haya yamo katika Sahihi ya Bukhari.

Na Imamu Nawawi, katika Minhaji tuisomeshayo, amehukumu ya kuwa kujitibu ni suna, na kumlazimisha mgonjwa ni makuruhu.

Atauliza muulizaji: Je, tumwache afe? La! Mwiteni tabibu amweleze maradhi yake na kazi ya dawa ile, kwani wengi hukataa kwa kuogopa wasilolijua. Ama mtoto mdogo na aliyepotewa na akili, walii wake humwamulia. Lakini baba yako mwenye akili timamu hakugeuka mtoto kwa kuwa amelala kitandani.

Maradhi ya kuambukiza yana maneno mengine, kwani madhara yake huwafikia wasiokuwa yeye. Tutayaeleza mahali pake, inshallah.