NANI YUMO NDANI YA VAZI HILO?

Kijana mwenzangu, simama kidogo. Usiikunje karatasi hii ukaitia mfukoni. Nipe dakika tano tu.

Nataka tuongee habari ya mavazi. Siyo sketi fupi wala suruali za kubana, hizo umeshasemwa mpaka masikio yamechoka. Nasema yale mavazi ya KUJIGEUZA, ambayo mtu anatengeneza kwa mikono yake ili asijulikane.

Kule Marekani kila tarehe 31 Oktoba wana usiku wao unaoitwa Halloween. Watu wanavaa kama mizimu na mifupa, watoto wanapita nyumba kwa nyumba wakiomba peremende. Na wako wanaoshindana nani ameshona vazi gumu kuliko wote, wanakaa majuma wakikata na kugundisha. Wewe utasema, "Aa, hayo mambo ya Wazungu bwana!"

Ya Wazungu? Mura, hebu kumbuka Desemba ya msimu wa tohara hapa kwetu Tarime na Serengeti. Wazee wa koo wakishatangaza, kila mtu anatafuta vifaa. Dume zima na ndevu zake limepaka unga usoni, limevaa gauni la dada yake na kifua kimejazwa matambara! Msichana naye kavaa koti la baba, rungu mkononi. Huyu ana ngozi ya mbuzi, yule njuga miguuni, mwingine anapuliza pembe. Barabara inajaa vumbi na vifijo. Sitakudanganya, inapendeza.

Mimi mwenyewe nilitengeneza la kwangu. Mwaka huo nilidhamiria kuwafunika washikaji wote. Nilikusanya vizibo vya soda, nikawa natoboa kimoja kimoja kwa msumari na kuvishona kwenye gunia mpaka likawa kama magamba ya samaki. Vidole vilijaa damu. Pembe za ng'ombe nilipata buchani. Zilinuka, mama akanifukuza nazo uani, nikazichemsha kwenye debe mpaka gamba likavuka kwenye mfupa. Halafu kazi ikaja kwenye kofia! Pembe nzito zinavuta mbele, ukiruka tu inadondoka. Nilihangaika siku tatu. Mwishowe nikashona mfuko wa mchanga nyuma ya kisogo, ikatulia. Kinyago cha uso nilikata kwenye boksi, nikakipaka mkaa na mafuta. Kazi nzima ilikula majuma mawili.

Siku ilipofika nilicheza kama sina mifupa. Watu wakapiga kelele, "Yule siyo mtu!" Nami nikafurahi sana kuitwa siyo mtu.

Nyuma yangu walikuwa wanasindikizwa wasichana. Mmoja nilimfahamu, tunachota maji bomba moja. Hakuzidi miaka 12. Aliangalia zile pembe, nikaona hofu machoni pake. Hakunitambua. Nilipaswa kufanya nini? Unajua nilichofanya? Niliongeza kuruka, maana watu walikuwa wanatazama.

Sasa ndilo swali langu kwako. Siku ile, NANI alikuwa anacheza?

Nilijijibu kwa muda mrefu: siyo mimi, ni lile vazi. Ni ngoma. Ni umati. Vijana wengi wanasema hivyo. Ukivaa sura nyingine, yale yaliyotendeka ni ya ile sura, nawe ukishavua umebaki msafi. Ni jibu tamu kweli.

Lakini hebu fikiri vizuri. Mtu aliyelewa anaweza kusema, "Sikujua nafanya nini." Mtu aliyeshtukiwa anaweza kusema, "Nilibebwa." Mimi je? Vizibo vile havikujitoboa! Kila msumari niliopiga nilikuwa na akili zangu timamu, na nilijua vazi linakwenda wapi na litamsindikiza nani. Kadiri vazi lilivyokuwa gumu kutengeneza, ndivyo nilivyokosa pa kujifichia. Majuma mawili hayo ni ushahidi, na shahidi ni mikono yangu mwenyewe.

Wayunani wa kale walimwita mwigizaji, ambaye alicheza jukwaani na kinyago usoni, hupokrites. Neno hilohilo ndilo katika Injili tunalisoma "mnafiki".

Na Yakobo je? Mama yake alimfunga ngozi za mbuzi mikononi na shingoni ili baba kipofu amdhanie ni Esau. Vazi la kutengeneza nyumbani kabisa! Mzee aliitambua sauti, lakini akaziamini ngozi. Baraka ilipatikana. Miaka ikapita, wanawe Yakobo wakamletea kanzu ya Yusufu waliyoichovya katika damu ya mbuzi, akaamini naye, akalia. Mbuzi tena, na nguo tena.

Utaniuliza, "Kwa hiyo tuache mila zote? Tuchome njuga?" La hasha! Sioni dhambi katika kizibo cha soda. Ritungu ipigwe, viatu vya mbao vitwange ardhi, mwenye kipaji cha kushona ashone. Pale Masanga wilayani Tarime wasichana wamekuwa wakikusanyika kambini msimu huo, wanafundishwa mambo ya kuwa mtu mzima, na mwisho wanasherehekea bila kisu. Mugumu nako, tangu 2014, imekuwapo nyumba salama inayowapokea wanaokimbia. Kumbe ngoma inaweza kuchezwa na mtoto asikatwe!

Sheria nayo ipo tangu 1998. Kumkeketa msichana wa chini ya miaka 18 ni kosa, na kifungo chake ni miaka 5 hadi 15. Lakini mimi sikutishi na polisi. Polisi humtafuta ngariba na mzazi. Mwenye pembe hakuna anayemtafuta, na hapo ndipo ugumu ulipo: lazima ajitafute mwenyewe.

Yule mtoto alivuja damu siku mbili. Alipona. Mwezi uliofuata nilimkuta bombani, akaweka ndoo chini, akaniamkia vizuri kabisa, "Shikamoo kaka." Akaanza kunisimulia habari za lile jitu la pembe lililomtisha njiani. Nilimtwisha ndoo yake, nikanyamaza.

Pembe zile bado ziko darini kwetu. Juzi mdogo wangu alipanda kutafuta jembe akaziona. Ameniuliza ni za nini, na kama zitamtosha.